Mstari Ulio Juu ya Wangu

Karatasi yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, na mstari huo ulitosha kunirudisha nyumbani kukaa.

Shemeji aliiweka juu ya kibodi yangu, akasimama pembeni mikono mfukoni. Namwita shemeji kwa kuwa ni mume wa dada yangu. Wenzetu pale hospitalini walimwita Mkuu, maana ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha mitambo. Ukuu wenyewe ulikuwa wa kuongoza mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

"Soma mwenyewe," alisema. "Usije ukasema nimekusingizia."

Nikasoma. Namba ya mstari, tarehe ya siku ile ile ya Jumatatu, saa tatu asubuhi na dakika zake, kisha amri: futa folda ya picha za zamani pamoja na vyote vilivyomo, na usiulize. Hiyo "usiulize" ndiyo iliyonikausha mate.

"Saa tatu ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha diski. Si wewe uliyenituma?"

"Nilikutuma usafishe faili za muda. Sikukutuma ufute mifupa ya watu."

Zilikuwa picha za eksirei, za wagonjwa wa miaka iliyopita. Asubuhi ile daktari wa mifupa alitaka kulinganisha nyonga ya bibi mmoja na ilivyokuwa kabla hajaanguka. Akaitafuta picha ya zamani, hakuiona. Akatafuta ya mgonjwa mwingine, nayo haipo. Akatupigia simu, na sauti yake niliisikia kutoka upande wa pili wa chumba ingawa simu ilikuwa sikioni mwa shemeji.

Lazima nieleze kidogo mambo ya mle ndani, la sivyo hamtajua kwa nini niliogopa kiasi kile. Seva yetu, kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu zote za hospitali, tuliiongoza kwa maandishi matupu. Hakuna vitufe vya rangi wala kindoo cha taka cha kuokotea ulichotupa kwa bahati mbaya. Unaandika amri, unabonyeza Ingiza, imekwisha. Na kila unachokiandika mashine inakikumbuka. Ukiandika history inakumwagia orodha nzima, kila mstari na namba yake, za kale juu, mpya chini. Ukiwa mvivu, na sisi wote wawili tulikuwa wavivu wa kutupwa, unabonyeza mshale wa juu na amri yako ya mwisho inarudi. Ukibonyeza tena inarudi ya kabla yake. Unapanda hivyo hivyo mpaka uione unayoitaka, halafu Ingiza. Akaunti ilikuwa moja, nenosiri moja, watu wawili. Kwa hiyo mshale ule uliniletea amri zangu na za shemeji bila kubagua.

Na Jumatatu ile asubuhi mimi nilipanda mshale kama kichaa. Fundi wa kipoza hewa alikuwa juu ya ngazi nyuma yangu, anapiga soga, nami namjibu huku vidole vinakwenda vyenyewe. Mshale, mshale, Ingiza. Mshale, mshale, mshale, Ingiza. Nilikuwa nimetazama kila mstari kabla ya kubonyeza? Nilijiuliza swali hilo nikiwa nimeshika karatasi, na moyo wangu ukakataa kujibu.

Orodha ile zamani haikuwa na saa. Saa aliitaka mkurugenzi, mama mmoja mfupi, mnadhifu, ambaye tulimwita Mama Nukta kwa sababu kila alipomaliza kusema jambo alisema "nukta," na baada ya hapo hata ukiwa na hoja unaimeza. Alitaka kila amri ijulikane imeandikwa lini. Shemeji akaweka mpangilio huo Jumatatu alipoingia tu, akafungua dirisha jipya la amri kwenye kompyuta, akaliacha wazi. Daktari alipopiga simu, shemeji alitafuta ndani ya orodha amri ya kufuta yenye neno "picha." Ukatoka mstari huo mmoja na saa yake pembeni. Akauchapa.

"Kesho saa nane Mama Nukta anatutaka ofisini kwake," alisema. "Mpaka hapo usiguse kibodi."

"Ndiyo unanifukuza?"

"Si mimi ninayefukuza, shemeji. Na usinitazame hivyo, unafanana na dada yako."

Kwa kawaida ningemrudishia la kwake, maana utani wetu haulali. Siku hiyo nilimrudishia karatasi yake tu. Nilikuwa kwenye majaribio bado, nimebakiza kidogo tu niajiriwe moja kwa moja. Kabla ya hapo nilikaa kwa dada muda mrefu bila kazi, naosha vyombo ambavyo sikuvichafua, nacheka vichekesho ambavyo havikunichekesha. Mtu asikudanganye, kukaa kwa dada ni raha mwanzoni tu. Baadaye unaanza kufungua friji kwa adabu. Kazi hii aliniombea shemeji mwenyewe, akanifundisha mwenyewe, na tangu nilipoipata nilikuwa natembea mabega juu. Kuipoteza kwa kosa la kufuta mifupa ya watu kulimaanisha kwamba hakuna mahali pengine ambapo ningepewa hata kompyuta ya kuipangusa vumbi.

Jioni ile nyumbani dada alipakua chakula kimya kimya, ishara mbaya kwa mtu ambaye hata usingizini huongea. Shemeji alikula upesi akaenda kuoga. Maji yalipoanza kumwagika bafuni, dada akavuta kiti karibu nami.

"Mdogo wangu, kubali tu yaishe."

"Nikubali nini?"

"Wewe bado mgeni, watakuonya tu. Ukianza kubishana watamgeukia yeye, waseme hakukusimamia. Wakimgeukia yeye, sisi humu ndani tunakwenda wapi?"

"Na kama sikufanya, dada?"

Akanitazama usoni, si kwa ubaya. "Una uhakika hukufanya?"

Nikatazama sahani. Nilimchukia kwa swali lile, na nilijichukia zaidi kwa kukosa jibu. Usiku mzima nilikuwa kitandani nabonyeza mshale kichwani, napanda, napanda, na kila nilipofika juu nilikuta mstari ule ule unanisubiri.

Jumanne nilipewa kazi ya kubandika lebo kwenye nyaya. Ni kazi anayopewa mtu ambaye hawajui wamfanyeje. Nilipiga magoti nyuma ya makabati ya seva, kipoza hewa kinanipuliza mgongoni, nikawa nasoma namba za nyaya huku nikimchungulia shemeji kupitia upenyo. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta yake tangu asubuhi. Mara nikamwona ameacha kuandika. Ameshika shavu, anatazama tu. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia, kisha akafunga dirisha lake, akanyanyuka, akatoka. Aliporudi uso ulikuwa na maji.

"Umekunywa chai?" akaniuliza akinipita.

"Nimekunywa."

"Haya." Macho yake yalikuwa kwenye nyaya, si kwangu.

Nikajua kuna jambo. Mtu anayekutuhumu anakutazama. Jana alinitazama, leo anaongea na waya. Lakini jambo gani, sikujua.

Kila Jumanne wakuu wa idara walikula chakula cha mchana na Mama Nukta kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya juu. Saa saba shemeji akavaa koti, akaenda. Mlango ulipojifunga nilihesabu pumzi zangu kidogo, nikajipangusa vumbi la magotini, nikaketi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimekatazwa kugusa kibodi. Nikaigusa.

Nenosiri lilikuwa lile lile. Nikaingia, na kabla ya kila amri nikatanguliza nafasi moja tupu. Shemeji ndiye aliyenifundisha hilo wiki ya kwanza: ukianza na nafasi, mashine yetu inatii lakini haikumbuki. Alisema ni kwa ajili ya mambo ya siri, kama unapolazimika kuandika nenosiri mahali pa wazi. Sikuwahi kuitumia mpaka siku ile, na niliitumia huku natega sikio kwenye korido.

Orodha ikamwagika. Nikaanza chini, kwenye mistari mipya kabisa. Miwili ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ile, saa nne, ya shemeji. Wa kwanza: ionyeshe historia yote, tangu mwanzo. Wa pili: tafuta ndani ya historia neno "shikamoo."

Nilishangaa. Shikamoo ya nani kwenye seva?

Halafu nikakumbuka. Ilikuwa yangu. Siku yangu ya kwanza kazini shemeji alinikalisha pale akaniambia niandike amri rahisi, niifanye mashine irudie maneno yoyote ninayoyapenda. Nikaiandikia "shikamoo," kwa sababu seva ilikuwa kuukuu na nilitaka tuanze kwa heshima. Shemeji alicheka mpaka akatoa leso. Huo ndio mstari wa kwanza niliowahi kuandika kwenye akaunti ile. Kabla yake hapakuwa na mimi.

Kwa nini leo anautafuta?

Nikautafuta na mimi. Ukaja, na namba yake. Nikapandisha orodha taratibu nikisoma kila mstari uliokuwa juu yake, na sikwenda mbali. Nikaukuta: futa folda ya picha za zamani pamoja na vyote vilivyomo, na usiulize.

Ulikuwa juu ya shikamoo yangu. Juu, maana yake kabla. Uliandikwa wakati mimi bado niko kwa dada nafungua friji kwa adabu.

Nilishika mdomo. Nikaitazama na saa yake, na hapo ndipo kila kitu kiliponikaa sawa, kwa sababu pembeni ya mstari ule palikuwa na saa saba ya leo. Jana kwenye karatasi ilikuwa saa tatu. Na shikamoo nayo ilikuwa saa saba ya leo, na mstari wa juu yake, na wa juu yake tena. Amri zote za miaka yote, saa saba! Mistari ile ya kale haikuwa na saa yoyote, kwa hiyo mashine, ilipolazimishwa kuonyesha saa, iliibandika ile ya dirisha kufunguliwa. Shemeji alifungua dirisha saa tatu, ikampa saa tatu. Mimi nimefungua saa saba, imenipa saa saba. Angetazama mstari wa jirani tu jana angeliona hilo. Lakini alitafuta neno moja, akapewa mstari mmoja, akakimbilia kuuchapa.

Nilitaka kucheka kwa sauti. Si mimi! Vidole vyangu havikufanya kitu. Nikasoma na mistari iliyouzunguka, nikaona yote yaliyotokea. Shemeji, akiwa peke yake, alinakili picha kwenda kwenye diski mpya. Mstari uliofuata alifuta za awali. Kati ya kunakili na kufuta ulitakiwa uwepo mstari wa kuhakiki, ule ule alionisisitizia mimi kila siku mpaka nikauota, na haukuwepo. Nikaipima diski mpya, nikaikuta imejaa pomoni: ilijaa kabla ya kumaliza kunakili, yeye hakutazama, na picha zilizobaki nje zikafutika. Kosa la mtu mwenye haraka. Lingeweza kumpata yeyote.

Kisha nikarudi chini kwenye mistari ile miwili, na furaha ikaniisha.

Saa nne asubuhi. Hii saa ilikuwa ya kweli, kwa kuwa iliandikwa baada ya mpangilio kuwekwa. Saa nne shemeji alifungua historia yote, akaona saa zinafanana, akatafuta shikamoo yangu, akaona iko chini ya kosa lake. Alijua. Alijua akashika shavu, akaenda kunawa uso, akanipita nimepiga magoti kwenye vumbi, akaniuliza kama nimekunywa chai. Na sasa yuko juu anakula na Mama Nukta.

Hasira yangu mimi naijua, huja kama maziwa yanayochemka, na kwa muda niliiacha imwagike. Nilimtukana kwa kunong'ona matusi ambayo nisingeyasema mbele ya dada. Halafu ikatulia, na chini yake nikakuta kitu kingine. Nilimwona amekaa pale ameshika shavu. Nilimwona dada anavuta kiti. Kosa la kufuta picha, Mama Nukta angelisamehe, nilikuwa na hakika; picha zilifutwa kwa uzembe na mtu aliyefanya kazi miaka bila doa. Lakini kumwachia shemeji yako abebe lawama zako, huku unajua? Hilo asingelisamehe. Mistari ile miwili ndiyo ingemmaliza, na saa nane ningeifungua orodha hiyo mbele ya mkurugenzi.

Sikuhitaji mistari hiyo. Mimi nilihitaji tu ule wa juu ya wangu.

Mtaniona mjinga. Nikatanguliza nafasi, nikaufuta mstari wa mwisho. Nafasi tena, nikafuta wa kabla yake. Nafasi tena, nikaiambia mashine iihifadhi orodha kama ilivyo sasa. Nikatoka, nikarudi kwenye nyaya zangu, nikabandika lebo mbili mahali pasipo pake. Nilijiona mtu mwema sana, hilo nalikiri, na mwenye akili zaidi.

Ofisi ya Mama Nukta ilikuwa na zulia, na ukutani kioo kikubwa cha kompyuta, cha kutumia kwenye mikutano. Shemeji aliketi upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Karatasi yenye mstari mmoja ilikuwa katikati yetu. Shemeji hakuwa ameigusa tena; aliitazama kama mtu anayetazama sindano anayosubiri kuchomwa.

"Binti," Mama Nukta akaanza, "mkuu wako amenieleza tangu jana. Leo nilipomuuliza wakati wa chakula hakuwa na la kuongeza. Una la kusema?"

Nikamtazama shemeji. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi, nilimpa muda wa kutosha kufungua mdomo. Akaendelea kutazama karatasi.

"Ninalo, mama," nikasema. "Saa iliyo kwenye hiyo karatasi si ya kweli. Naomba niwaonyeshe."

Akaniruhusu. Nikaunganisha kompyuta na kioo cha ukutani, nikaingia kwenye akaunti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. "Mashine inabandika kwenye mistari ya zamani saa ya kufunguliwa dirisha. Sasa hivi ni saa nane. Nikiifungua, mtaona mistari yote ya zamani, ya miaka yote, inasema saa nane."

Nikaandika history.

Mistari yote ya zamani ilisema saa saba.

Nikaikodolea macho kama vile ingejirekebisha kwa aibu. Haikujirekebisha. Na polepole, mbele ya watu, nikaelewa nilichokifanya. Nilipoiambia mashine ihifadhi orodha, iliihifadhi pamoja na zile saa za uongo ilizokuwa imezibandika. Zikaganda. Kuanzia sasa na milele mistari yote ya miaka yote ingesema saa saba ya Jumanne, muda ule niliokuwa nimekaa pale natega sikio. Nilitanguliza nafasi kwa kila amri nisiache alama, na nimeacha alama kwenye kila mstari.

"Umesema saa nane," Mama Nukta akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini... mnaona karatasi ilisema saa tatu, na hapa ni saba. Kwa hiyo saa haiaminiki. Kinachoaminika ni mpangilio. Huu hapa ni mstari wangu wa kwanza kabisa kazini, na huu wa kufuta uko juu yake. Ulikuwepo kabla sijaja."

Mama Nukta alivaa miwani, akasogea hadi ukutani, akausoma mstari mmoja, akausoma mwingine. Hakuwa mtu wa mitambo, lakini juu na chini alivijua. Akageuka kumtazama shemeji.

"Kabla hajaja yeye, akaunti hii ilikuwa na nani?"

Shemeji alikuwa ameinuka nusu, mkono umeegemea meza, anatazama zile saa saba. Yeye alihitaji muda mfupi kuliko mimi kuelewa. "Shuka mpaka chini, shemeji," akasema kwa sauti ndogo.

"Hakuna kitu chini."

"Shuka."

Nikashuka. Ukiacha ule niliotoka kuuandika, mstari wa mwisho ulikuwa wa jana. Alitafuta kwa macho mahali ambapo amri zake mbili za asubuhi zilitakiwa kuwa, akanitazama, akatazama tena ukuta. Midomo ilimcheza. Sijawahi kumwona shemeji akilia, na hata hapo hakulia, lakini alikuwa jirani kabisa. Nikaogopa upya, kwa sababu sasa alikuwa na neno moja tu la kusema ili apone. Angesema orodha imechezewa, basi. Shikamoo yangu, mpangilio wangu, kila kitu changu kingekuwa takataka.

"Ni mimi, mama," akasema. "Picha nilifuta mimi, kabla hajaajiriwa. Sikuhakiki nakala. Na nimelijua hilo tangu saa nne leo asubuhi, nikanyamaza. Nimekula chakula chako nimenyamaza."

Mama Nukta alikaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ulilijuaje saa nne?"

"Niliifungua historia yote."

"Mbona hapa sioni kama uliifungua? Si nilitaka kila amri ionekane?"

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu, kinalia kwi, kwi, kwi, mpaka kikapotea.

"Niliifuta mistari hiyo," shemeji akasema haraka. "Ni mimi. Ndiyo maana saa zimekuwa saba. Mtu akiihifadhi orodha upya, saa zinaganda hapo alipoifungua."

"Saa saba," Mama Nukta akarudia. "Saa saba ulikuwa umekaa kushoto kwangu unakula kuku, baba. Nilikupa chumvi mimi mwenyewe."

Wenye nenosiri tulikuwa wawili. Hakuna aliyehitaji kunigeukia, na wote wawili walinigeukia.

"Nilifuta mimi," nikasema. "Nilifuta ili usijue kwamba alijua."

Nilitegemea Mama Nukta atapaza sauti, na nadhani ningeipenda zaidi. Alizungumza polepole kama anayemwambia mgonjwa majibu yake. "Yeye amefuta picha kwa uzembe, akanyamaza kwa woga, na mwisho amesema mwenyewe. Nitampa barua ya onyo, na hizo picha atanitafutia popote zilipo, hata kama ni kwa daktari mmoja mmoja. Wewe hukufuta picha hata moja, na nakuomba radhi kwa ile karatasi. Lakini ulikaa chini, ukachagua nijue lipi na nisijue lipi. Mimi hapa nina dawa, nina damu, nina majina ya watu. Siwezi kumwachia funguo mtu wa namna hiyo, hata akiwa na moyo mzuri." Akasita kidogo. "Hasa akiwa na moyo mzuri. Nukta."

Nilikuwa na hoja. Nikaimeza.

Tulirudi chumba cha mitambo, shemeji mbele, mimi nyuma. Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Ni dada, anauliza imekuwaje. Sikujua niandike nini, nikairudisha. Nikakusanya sweta langu, kikombe changu, na vile vizibo vya masikio nilivyonunua kwa ajili ya kelele za kipoza hewa.

Shemeji alikuwa amekaa mbele ya kioo. "Lazima nibadilishe nenosiri kabla hujatoka," alisema. "Ndio utaratibu."

"Najua. Ulinifundisha."

Aliweka vidole juu ya kibodi, akasubiri. Sikuelewa anachosubiri, kisha nikaelewa. Nikageuza uso kuelekea ukutani nisilione nenosiri jipya, kama inavyotakiwa, nikasikiliza akiandika. Aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena.

"Tayari, shemeji," akasema.